Gari la Kumpandisha Mama

Daktari wa macho alinieleza mara moja tu, na mimi ni mwalimu wa hesabu, sihitaji kuelezwa mara mbili. Mama alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limebakiwa na uoni mdogo, la kulia lilikuwa bado zuri kiasi. Kilichokwisha kupotea hakirudi, alisema, kazi yetu ni kulinda kilichobaki. Matone kila siku, kupimwa kila mwezi, na baadaye upasuaji, ambao mtaalamu wake huja Mbinga mara chache kwa mwaka, anakaa siku mbili tatu, anaondoka.

"Mwalimu, huyu mama asikose mwezi hata mmoja," akasema. "Na si kwa mwaka huu tu. Ni kwa maisha yake yote."

Maisha ya mama yangu yako chini, ziwani. Baba alikuwa Mmatengo, na mama aliishi naye huku juu mpaka alipomzika. Baada ya arobaini akafunga mizigo, akarudi kwao, kijiji kimoja mbele ya Liuli, akasema baridi ya Umatengo ameivumilia kwa ajili ya mume, si kwa ajili ya mtu mwingine yeyote. Mtu mwingine yeyote nilikuwa mimi. Nilimbembeleza aje akae nami Mbinga mjini karibu na hospitali, akakataa. Nikamtuma padre, akampa padre dagaa wa usipa wa kukaanga, akakataa.

Kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay sasa ni lami, sina la kulalamika. Ukishaiacha lami ukafuata ufuko, hapo ndipo unapojua gari ni nini. Kuna mchanga, kuna mawe, kuna vijito ambavyo kiangazi ni vya kuosha miguu na masika vinataka kukuosha wewe mzima. Mama alishawahi kuanguka na bodaboda kwenye kimojawapo cha vijito hivyo, akiwa na kapu lake kichwani. Hakuumia sana, ila tangu siku hiyo ukitaja pikipiki anageuza uso. Magari ya kukodi nilijaribu. Dereva anakuahidi Jumatatu, anakuja Jumatano, na akija anakuuliza kwa nini umekasirika.

Kwa hiyo nilihitaji gari langu mwenyewe. Gari la juu, ambalo tumbo lake haligusi jiwe, linalovuta magurudumu yote manne, na lenye injini ambayo fundi wa Mbinga anaweza kuifungua bila kupiga simu Dar es Salaam. Gari jipya kwa mshahara wa ualimu ni ndoto ya mchana. Ilibidi liwe lililotumika, na ilibidi nichague vizuri, maana sikuwa na uwezo wa kuchagua mara ya pili. Nilitaka gari la kuzeeka nalo.

Siku niliyolisema jambo hili katika chumba cha walimu, nilijuta kabla kengele haijalia. Mwalimu wa Jiografia, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alinihutubia kipindi kizima juu ya ubora wa injini za petroli. Mwingine akaniambia nisinunue kitu chochote chenye namba za zamani, nitachekwa. Kila mmoja alikuwa na shemeji mwenye gari zuri. Hakuna aliyeniuliza ninaliendesha wapi, hakuna aliyeniuliza kwa nini. Waliniuliza rangi.

Aliyeniuliza la maana alikuwa fundi mmoja mzee pale Mbinga, mtu wa maneno machache na ovaroli isiyofuliwa, aliyejifunzia kazi kwenye karakana ya misheni. Aliniuliza ninapita wapi, na mvua ya wapi, na ninabeba nani. Nilipomaliza kumweleza akafuta mikono kwa kitambaa.

"Mwalimu, nakupa mambo matatu tu," akasema. "La kwanza, gari ukilikuta lina moto, rudi nyumbani kwako. Uende kesho asubuhi uliwashe mwenyewe likiwa la baridi. Gari baya likishapashwa moto linadanganya. La pili, injini iliyooshwa ikang'aa, jiulize imeoshwa kwa nini. Injini ya kazi ina vumbi lake. La tatu, usinunue kitu mpaka nimelala chini yake. Mimi, siyo shemeji yako."

Niliyaandika katika daftari. Miezi minane nilitembea na daftari hilo. Nilikwenda Songea kuona gari ambalo mwenyewe alikuwa akilisifu kama anaoza binti, fundi akalala chini yake dakika mbili, akatoka, akasema chesisi imeunganishwa kwa kuchomelea, twende zetu. Nilikwenda kuona jingine ambalo mazulia yake yalikuwa na unyevu na harufu ya matope, na mwenyewe akaapa kwa watakatifu wote kwamba ni mvua ya jana. Jana haikunyesha. Kuna mwenye gari mmoja alikataa kabisa kufungua boneti mbele ya mwanamke. Nilimwuliza kama anadhani nitaivunjia heshima injini yake, akaniambia nimwite mume wangu. Mume sina, nikamwambia, na wewe gari la kuuza huna.

Katika miezi hiyo minane, kila mwezi, nilihangaika upya kumpandisha mama. Mara mbili alifika kliniki siku iliyofuata siku yake. Nilikuwa nachoka, na nilikuwa nakasirika na kila mtu, hata wanafunzi wangu wasio na kosa.

Kisha nikalipata, kijijini Ruanda, hapa hapa wilayani kwetu. Mwenyewe alikuwa bwana shamba mstaafu, mzee mpole aliyezunguka na gari hilo kwenye mashamba ya kahawa kwa miaka mingi. Sitataja aina yake, kama ambavyo sitaitaja ya lile jingine linalokuja, maana magari ya aina moja ni mengi na mengine hayana kosa lolote. Lilikuwa la kijani kilichopauka, viti vimeshonwa kwa uzi wa gunia, redio haipo. Injini ya dizeli, gia za mkono. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitika, kisha akaniuliza maswali mengi kuliko niliyomwuliza mimi. Ninajua kuendesha kwenye matope? Nitalibebesha nini? Nitamwaga oili kila baada ya muda gani? Alikuwa na kitabu chake ambamo aliandika kila kifaa alichobadilisha na tarehe yake, kwa mwandiko wa kiofisi. Gari lilikuwa limelala nje, la baridi kama jiwe. Akanipa funguo, nikaliwasha, likakohoa mara moja, likanguruma. Fundi alilala chini yake nusu saa nzima. Alipotoka alikuwa akitabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Hili litatuzika sisi wote," akasema.

Mzee yule akaniambia atanishikia wiki mbili. Alikuwa na wanunuzi wengine, lakini alipenda liende kwa mtu atakayelitunza.

Ningelinunua siku ileile. Tatizo ni kwamba fedha hazikuwa zangu peke yangu. Sehemu ilitoka kwenye kahawa ya shamba la marehemu baba, na jambo linalogusa shamba la marehemu kwetu lina wenyewe. Ni lazima lipitie sengu. Zamani sengu ilikuwa ya kila siku: wanaume wa ukoo wanakula pamoja, na hapo hapo wanashauriana, wanaonyana, wanamaliza ugomvi. Siku hizi watu hula makwao, ila likitokea jambo kubwa baba zangu hukutana nyumbani kwa baba mkubwa, ugali unasongwa, na linalokubaliwa pale limekubaliwa. Mimi nimelelewa humo. Nimeona migogoro ya mipaka iliyokwama barazani kwa miaka ikimalizwa kwa chakula kimoja. Siidharau.

Nilikwenda Jumamosi mchana na daftari langu, nimejipanga kama ninakwenda kukaguliwa na mkaguzi wa elimu. Nilipewa kigoda, kwa heshima ya kuwa jambo ni langu. Nikafungua daftari ili nieleze habari za gari la Ruanda, na baba mkubwa akainua mkono.

"Mwanangu, umehangaika vya kutosha. Mchagua jembe si mkulima. Sisi baba zako tumeshakutafutia."

Nikajibu moyoni kwamba asiyechagua jembe atalima kwa kucha. Kwa mdomo nikasema, "Asante, baba."

Kumbe mkwe wake alimfahamu dalali mmoja wa Songea, na dalali alikuwa ameshapigiwa simu, na kabla sijafunga daftari nikasikia honi. Gari likaingia uani. La rangi ya fedha, linang'aa, vioo vyeusi, viti vya ngozi, paa linalofunguka, na kioo kidogo cha kuonyesha nyuma ukirudi kinyumenyume. Kuku walikimbia, wake wa baba zangu wakatoka jikoni na mwiko mkononi. Dalali akashuka na viatu vyeupe. Kijana mzuri, mwenye adabu ya kukaririwa. Akainama, "Shikamooni wazee wangu," akawaamkia mmoja mmoja, kisha akaniita mama mkubwa, ingawa sidhani kama nilimzidi miaka kumi. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilikuwa kimejitembeza kutoka Songea.

Akakaribishwa kula. Akanawa, akakaa na baba zangu, akamega ugali.

Mimi nilitoka nikaenda kwenye gari. Boneti ilikuwa ya moto, bila shaka, limetoka safari. Nikaifungua. Injini ilikuwa inang'aa kama sufuria ya harusi. Nikaingia ndani. Kilomita kwenye dashibodi zilikuwa chache, za gari linalokwenda kanisani Jumapili na kurudi. Halafu nikatazama pedeli ya breki. Mpira wake ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana, na usukani ulikuwa umechubuka pande zote mbili pale mikono inapokaa. Miguu ya mtu haimalizi mpira wa breki kwa safari za kanisani. Hesabu ilikuwa haikubaliani, na hesabu ndiyo kazi yangu.

Nilirudi kwenye kigoda.

"Baba, gari ni zuri," nikasema. "Naomba tu fundi wangu aliangalie Jumatatu, likiwa la baridi."

Baba mkubwa alirudisha tonge sahanini. Dalali akawa wa kwanza kusema, kwa sauti ya upole kabisa: "Mimi sina neno, wazee wangu. Kama mama mkubwa ana mashaka na mimi, nitaondoka nalo tu, hakuna ubaya." Maneno hayo yaliniua.

"Mwanangu," akasema baba mkubwa, "mtu huyu amekula nasi."

"Najua baba. Sina mashaka na yeye, nina mashaka na gari."

"Gari limeletwa na nani?" akauliza baba mdogo. "Tukimpima mgeni huku ugali wetu uko tumboni mwake, kesho nani atakula kwetu? Fundi ungemleta kabla. Sasa tumeshakula."

Ndivyo ilivyo kwa baba zangu. Mtu aliyemega nao kwenye sengu hapimwi. Sheria hiyo haikutungwa na wajinga. Waliokuwa wakila pale tangu enzi walikuwa ndugu na majirani, watu ambao kesho utakutana nao mtoni, keshokutwa kanisani, na akikudanganya watoto wake wataishi mitaa hiyohiyo na aibu yake. Ugali ulikuwa dhamana. Lakini huyu wa viatu vyeupe alikuwa anarudi Songea jioni ileile, na mtoni hatukutani. Nililiona hilo wazi kama ninavyowaona ninyi mnaosoma. Na bado nilinyamaza. Mimi ninayemtoa mtoto nje kwa kukosa rula, nilikaa kwenye kigoda nikatazama vidole vyangu, kwa sababu sikutaka iwe mimi, mtoto wa kike, niliyewavunjia sengu baba zangu mbele ya mgeni. Baba mdogo akaongeza kwamba binti wa ukoo huu haiwezekani aonekane mjini na kisanduku cha kijani cha bwana shamba. Wote wakacheka. Hata mimi nilicheka, na ninajichukia kwa kicheko hicho mpaka leo.

Fedha zikalipwa, gari likawa letu. Bwana shamba wa Ruanda sikumpigia simu. Niliona aibu. Wiki mbili zake zikapita.

Miezi miwili ya kwanza gari la fedha lilikwenda vizuri, nisiseme uongo. Mama alishuka, akapanda, akapimwa. Fundi nilimkwepa. Nikimwona upande huu wa barabara, naenda upande ule, mtu mzima mwenye shahada. Nilianza hata kujiambia kwamba labda mpira wa breki wa gari lile ulikuwa dhaifu tu.

Mwezi wa tatu ndio mtaalamu alikuwa anakuja. Mama alikuwa kwenye orodha, Alhamisi saa nane mchana, siku ya mwisho ya ratiba yake. Nikashuka Jumatano, nikalala kwake. Asubuhi nilimkuta amejiandaa mapema, kitenge kipya, mfuko wake wa nguo, rozari shingoni. Vijito tulivivuka vyote. Tulifika Mbamba Bay mapema mno, tukanywa chai, tukaanza kupanda mlima kwenye lami safi, na mama akawa ananiambia habari za jirani yake aliyeuza mihogo mibichi kwa bei ya mikavu.

Hatujafika Tingi, geji ya joto ikaanza kusogea. Nikazima kiyoyozi. Ikasogea. Nikapunguza mwendo. Ikasogea mpaka ukingoni, na mvuke ukatoka chini ya boneti, mweupe, kama mtu amefunua chungu. Nikalisimamisha pembeni. Nilisubiri lipoe, nikaongeza maji, likayanywa yote, nikaliwasha, likatoa moshi mweupe nyuma na kutetemeka, likazimika. Nikarudia. Likarudia.

Nililipiga teke. Niliumia kidole, na nililia, si kwa ajili ya kidole.

"Usilipige," mama akasema. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, kanga kichwani. "Halisikii."

Magari yalipita. Mabasi yalikuwa yamejaa, na madogo yalikuwa yamejaa zaidi. Nilisimama katikati ya barabara nikipunga mikono, mwalimu mzima, na kila aliyesimama alitazama gari letu linalong'aa, akaona hatuwezi kuwa na shida kubwa, akaahidi kututumia fundi. Saa tano. Saa sita. Saa saba mama aliniuliza saa ngapi, nikamdanganya. Basi dogo moja lilitupokea baadaye kabisa, tukabanwa mlangoni, na tulipoingia hospitali ilikuwa saa kumi imeshapita. Muuguzi alikuwa anakusanya mafaili. Alitutazama kwa huruma ya kweli.

"Wameondoka, Mwalimu. Waliwasubiri mpaka saa tisa na nusu."

Mama hakuelewa upesi. Aliniuliza tukae wapi tusubiri.

Gari lilivutwa mpaka kwa fundi, ikabidi nimwangalie usoni. Hakunisema. Alifungua injini, akaniita, akanionyesha ufa kwenye silinda hedi na utomvu mgumu ambao mtu aliumimina ndani kuuziba. Akachovya kidole kwenye oili ya giaboksi akaninusisha: harufu ya kuungua. "Hili lilipakwa poda," akasema, basi. Spea za gari lile Mbinga hazikuwepo, Songea hazikuwepo. Zikaagizwa Dar, zikaja zisizo zenyewe, zikarudishwa. Simu ya dalali haikupatikana tena.

Baba mkubwa alikuja kunipa pole. Alikaa, akakunja mikono, akasema ni bahati mbaya.

"Si bahati mbaya," nikasema, na sauti yangu ikapanda, mara ya kwanza maishani mwangu kumpandishia. "Niliona, baba. Niliona breki, niliona injini. Mlinizuia kwa ajili ya tonge la ugali, na mimi nikakubali kama mjinga. Macho ya mama hayakula na dalali!"

Akavaa kofia yake, akaaga, akaondoka polepole, na nilijisikia vibaya na pia nilijisikia vizuri. Sikuomba msamaha mpaka Krismasi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Nilirudi kwenye magari ya kukodi na Jumatatu zao za Jumatano. Kliniki mbili alizikosa. Mara moja nikiwa nimekwama kando ya kijito na dereva anayeogopa kulowesha gari lake, likaja gari la kijani kilichopauka limesheheni magunia ya usipa, likaingia majini bila hata kupunguza mwendo sana, likatokea ng'ambo, likaenda zake. Bwana shamba alikuwa amemuuzia mfanyabiashara wa ziwani. Dereva wangu akasema, "Gari hiyo ni nzima, Mwalimu." Nilimwambia anyamaze.

Na kuna jambo ambalo sikulijua mpaka baadaye: matone yalimwishia mama kule chini, akakaa zaidi ya wiki mbili bila dawa, na hakuniambia. Alisema aliona nina shida nyingi na gari.

Mtaalamu aliporudi alimpima kwa muda mrefu. Alizima taa, akawasha, akamfunika jicho hili na lile. Kisha akanivuta pembeni. La kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia, lile lililokuwa zuri, lilikuwa linatambua mwanga na kivuli, si zaidi. Atafanya upasuaji ili angalau hicho kibaki. Nikamwuliza kama ingekuwa tofauti mara ile ya kwanza. Alikuwa mtu mwema, akainamia faili akaendelea kuandika.

Gari la fedha nililiuza kwa mtu nikamweleza kila ugonjwa wake, mpaka akadhani nina wazimu. Kisha nilianza kutafuta upya, na safari hii sikumwuliza mtu. Nililipata kwa mkunga mstaafu pale pale Mbinga, la dizeli, gia za mkono, kuukuu. Nilikwenda saa moja asubuhi kwenye ukungu, nikaligusa boneti, baridi tupu. Injini ina vumbi. Mpira wa breki na kilomita zake vinasema lugha moja. Fundi alilala chini yake mpaka nikaanza kudhani amesinzia. Mkunga alitukaribisha chai, nikamwambia asante mama, nitakunywa tukishamaliza kukagua, na hakuona ubaya wowote. Baba zangu niliwaambia likiwa limeshaegeshwa kwangu. Baba mkubwa alilizunguka mara mbili, akapiga piga mlango, akasema limekaa vizuri.

Huu ni mwaka wa tatu ninalo. Halijakosa kliniki hata moja. Masika yaliyopita tulivuka maji yaliyofika kwenye vitasa vya milango, mama akiimba. Nimebadilisha klachi na bushi za mbele, basi. Fundi anasema nikilitunza litafika mbali, na mimi nalitunza kwa ukali mpaka wenzangu wananicheka. Wananiambia sasa umetulia, Mwalimu, umepata gari. Ninawaitikia. Sijatulia.

Mara ya kwanza nilipokwenda kumchukua nalo, nilimshika mkono kutoka kizingitini mpaka barabarani. Aliligusa ubavuni, akapapasa taa, akapapasa kioo. Nikampandisha, nikamfunga mkanda.

"Rangi gani?" akauliza.

"Nyeupe, mama. Imechakaa, imekuwa kama chai ya maziwa."

"Ni kubwa?"

"Linatutosha."

Nikawasha. Alisikiliza injini kwa muda, kichwa amekiinamisha, kama anavyosikiliza watu siku hizi.

"Hili lina nguvu," akasema. "Ungeanza na hili, ningeliona."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameshageukia mlango, anapapasa akitafuta mahali pa kushushia kioo apate upepo. Nikamshika mkono, nikauweka pale.